Kipimo cha Maji ya Baridi

Katika kurasa za mwanzo za kitabu chake kilichotoka mwaka 1886, padri Sebastian Kneipp aliandika jambo ambalo waganga wachache huthubutu kuliandika. Alisema kwamba katika miaka yote aliyotibu watu kwa maji ya baridi alibadilisha utaratibu wake mara tatu, na kila mara alilegeza. Alitoka kwenye ukali akaja kwenye upole, kisha upole huo nao akauzidisha. Kitabu kiliitwa Meine Wasserkur, yaani tiba yangu ya maji, na kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Wengi walikinunua wakitafuta dawa ya maradhi yao. Mimi kilichonishika ni hayo maneno ya kulegeza, kwa kuwa ndiyo kazi inayoniweka mjini.

Ninafanya tiba ya maji na viungo huko Bad Wörishofen, kusini mwa Ujerumani, mji ambao Kneipp aliishi, akafia na akazikwa. Nyumbani kwetu ni Peramiho, Ruvuma. Wamisionari Wabenediktini walioanzisha Peramiho mwaka 1898 walitoka katika abasia ya St. Ottilien, na kutoka abasia hiyo hadi hapa ninapoandika ni mwendo usiofika saa moja kwa gari. Njia hiyo ya misheni ndiyo iliyonileta huku kusoma, na kazi ikanibakiza. Ninashika mpira wa maji, ninamwagia watu miguu, mikono na migongo, wazee kwa vijana.

Siku hizi wageni wengi hufika wakiwa wameshatazama video za watu wanaojizamisha kwenye mapipa ya barafu. Wanaambiwa barafu huchoma mafuta ya mwili, huponya kisukari, huondoa huzuni, na kwamba anayestahimili zaidi ndiye anayepona zaidi. Wanapoona mpira mwembamba na maji yanayotiririka taratibu, wanadhani wamepunjwa. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya ndugu zangu wa nyumbani ambao habari hizo zimeshawafikia kwenye simu, nataka kuieleza historia ya kazi yetu. Ni historia ya karibu miaka 300 ya watu waliojifunza kupunguza, na mara nyingi mgonjwa ndiye aliyelipa ada ya somo hilo.

Daktari aliyepima

Maji ya baridi yametumika kama dawa tangu kale, lakini mlolongo unaofika hadi Wörishofen unaanzia Silesia, nchi ya milima iliyo leo kati ya Poland na Ucheki. Mwaka 1738 daktari Johann Siegmund Hahn wa mji wa Schweidnitz alitoa kitabu kuhusu nguvu ya maji safi ya baridi, ya kunywa na ya kuoga. Kitabu hicho kilikaa kwenye makabati ya maktaba zaidi ya miaka 100 kabla ya kumfikia mtu aliyekihitaji kweli. Tutarudi kwake.

Aliyeleta kipimo ni Mskoti, James Currie, daktari wa Liverpool. Mji huo wakati wake ulikuwa bandari kubwa ya Uingereza katika biashara ya watumwa. Matajiri waliokuwa wakiichangia hospitali walitajirika kwa meli zilizobeba Waafrika, na Currie, aliyeishi kati yao na kuwatibu, aliandika dhidi ya biashara hiyo. Namheshimu kwa hilo kabla ya lolote alilolifanya kwa maji.

Mwaka 1787 alianza kuwamwagia maji ya bahari wagonjwa wa homa kali waliolazwa. Wengine walikuwa wamefanya hivyo kabla yake. Jipya ni kwamba Currie alitumia kipimajoto. Alikiweka chini ya ulimi au kwapani kabla ya kumwaga maji, akapima tena baadaye, akaandika. Katika zama ambazo daktari alijua homa kwa kugusa paji la uso na kushika mshipa, hilo lilikuwa jambo geni kabisa. Mwaka 1790 meli ilipovunjika karibu na Liverpool na mabaharia wakakaa saa nyingi kwenye maji na upepo wa Desemba, Currie alitaka kuelewa kwa nini hawa walikufa na wale wakapona. Akawaingiza watu wenye afya kwenye maji ya chumvi ya baridi na kufuatilia joto lao. Aligundua kwamba joto la mwili linaweza kuendelea kushuka hata baada ya mtu kutoka majini. Waogeleaji wa leo wanaodondoka pembeni ya ziwa, baada ya kutoka wakidhani wameshinda, wanaanguka kwa sababu ambayo iliandikwa tangu karne ya 18.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1797. Humo aliweka masharti ambayo hadi leo siwezi kuyaboresha: maji ya baridi hayamwagwi kwa mgonjwa anayetetemeka kwa baridi, hayamwagwi kwa mgonjwa anayetoka jasho jingi, na yanamwagwa tu pale kipimajoto kinapoonyesha kwamba joto la mwili limepanda na limebaki juu. Kwa maneno mengine, baridi ni ya mwili wenye moto. Mwili uliokwisha kupoa haudai baridi.

Mkulima wa Gräfenberg

Miaka miwili baada ya kitabu cha Currie, mwaka 1799, katika kijiji cha Gräfenberg huko huko Silesia, alizaliwa Vincenz Priessnitz, mtoto wa mkulima. Hakusoma sana, kuandika kulimpa taabu, na hakuacha kitabu. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana alimwona paa aliyejeruhiwa mguu akirudi mara kwa mara kwenye chemchemi kuuloweka. Kisha, akiwa na umri wa miaka kama 17, mkokoteni ulimpita juu na kumvunja mbavu. Tabibu alisema hatapona vizuri tena. Priessnitz aliegemea ukingo wa kiti, akavuta pumzi hadi mbavu zikarudi mahali pake, akajifunga vitambaa vilivyolowekwa kwenye maji ya baridi, na kuvibadilisha kila vilipopata joto. Alipona, majirani wakaanza kuja.

Mwaka 1822 aliigeuza nyumba ya baba yake kuwa mahali pa kupokea wagonjwa. Madaktari wa eneo lile walimshtaki. Walidai sponji anazotumia kuwafuta wagonjwa zina dawa ya siri, hata uchawi, basi zikachukuliwa zikachunguzwa, na ndani yake hapakukutwa kitu isipokuwa maji. Mashtaka hayo yaliyokusudiwa kumwangusha yalimtangaza. Kufikia mwaka 1839, katika kijiji hicho cha mlimani, wagonjwa waliofika mwaka mmoja walikuwa kama 1,500, wakiwemo wana wa kifalme na makabaila kwa makumi. Mwandishi Mrusi Nikolai Gogol alikuwa mmoja wa waliopanda mlima ule.

Walichokikuta kilikuwa kikali. Kabla ya mapambazuko mhudumu alimviringisha mgonjwa katika shuka lililolowekwa na kukamuliwa, akamfunika mablanketi ya sufu moja juu ya jingine, akamwacha mpaka atoke jasho. Kutoka hapo aliingizwa kwenye birika la maji ya mlimani. Baadaye alitembea msituni hadi kwenye vibanda ambako maji yaliletwa kwa mifereji ya mbao na kuachiwa yaanguke kutoka juu, mita kadhaa, yakimpiga mgongoni. Katikati ya yote hayo alikata kuni, akanywa maji glasi baada ya glasi, na akala chakula cha kawaida cha shamba.

Watu walipona? Wengi walisema hivyo, na ninawaamini. Tajiri aliyezoea kulala mchana, kunywa mvinyo usiku na kumezeshwa zebaki na daktari wake alipewa miezi kadhaa ya hewa safi, kazi ya mikono, usingizi wa mapema, na hakuna zebaki. Ukimtoa mtu kwenye maisha yale, hata maji ya vuguvugu yatapata sifa. Lakini hakuna aliyetenganisha kilichotokana na maji na kilichotokana na mengine, na kwa kuwa hakuna aliyetenganisha, sifa yote ilipewa ukali. Wafuasi waliofungua nyumba za namna hiyo Ulaya nzima waliuiga ukali ule ule.

Uingereza iliupokea mwaka 1842, pale madaktari James Wilson na James Manby Gully walipofungua nyumba zao Malvern. Mwaka 1849 alifika kwao Charles Darwin, mwanasayansi, aliyekuwa ameteswa na kutapika na kizunguzungu kwa miaka. Aliandika barua akieleza ratiba yake: saa moja kasoro robo asubuhi anasuguliwa kwa taulo gumu lililolowa maji ya baridi, dakika mbili tatu, hadi ngozi inawaka. Alikaa miezi mitatu na zaidi, akapata nafuu, na aliporudi kwake alijengewa kibanda cha maji ya kuanguka bustanini. Imani hiyo ndiyo iliyomfanya ampeleke Malvern binti yake Annie alipougua mwaka 1851. Annie alifia huko mwezi wa Aprili, akiwa na miaka 10. Sisemi maji yalimuua. Alikuwa mgonjwa mahututi na wakati ule hapakuwa na dawa ya kumwokoa. Ninachosema ni kwamba nafuu ya mtu mzima mwenye matatizo ya tumbo haikuwa ushahidi wa chochote kwa mtoto dhaifu mwenye homa, na wakati ule hakuna aliyeweza kumwambia baba yule tofauti hiyo.

Mtoto wa mfumaji

Sebastian Kneipp alizaliwa mwaka 1821 katika kitongoji cha Stephansried, Bavaria, kwa baba mfumaji. Utoto wake ulikuwa wa kukaa kwenye kitanda cha mfumi katika chumba cha chini chenye unyevu. Alitaka upadri na hapakuwa na fedha. Akiba yake ndogo iliteketea nyumba yao ilipoungua mwaka 1841. Padri ndugu yake wa mbali alimfundisha Kilatini, na alipofika hatimaye kwenye masomo ya teolojia alikuwa ameanza kukohoa damu. Huenda kilikuwa kifua kikuu.

Hapo ndipo kitabu cha Hahn kilipomkuta, maktabani, karibu miaka 110 baada ya kuandikwa. Mwishoni mwa mwaka 1849, akiwa mwanafunzi huko Dillingen, alianza kwenda mbio hadi mto Danube, kuingia majini kwa sekunde chache tu, kuvaa bila kujifuta, na kurudi mbio chumbani. Alifanya hivyo mara mbili tatu kwa wiki wakati wa baridi. Alipata nguvu, akamaliza masomo, akapewa upadri mwaka 1852.

Watu huisimulia habari ya Danube kama kisa cha ushujaa. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Zingatia sekunde chache. Zingatia kwamba alifika mtoni akiwa na joto la kukimbia, na aliondoka akikimbia ili joto lirudi. Kijana aliyekuwa anatema damu alikuwa tayari ameifahamu kanuni ambayo wenye nyumba kubwa za tiba hawakuifahamu: mwili uwe na moto kabla, baridi iwe fupi, moto urudi baada.

Akiwa padri msaidizi alitibu maskini na akashtakiwa kwa kuingilia kazi ya wenye dawa. Kipindupindu kilipoingia vijijini mwaka 1854 aliwauguza watu hadi wakamwita padri wa kipindupindu. Mwaka 1855 askofu alimpeleka Wörishofen kuwa padri wa masista Wadominiko. Huko alifuga nyuki, akaandika kuhusu malisho, akaponya ng'ombe, na katika chumba cha kufulia cha konventi akaanza kuwamwagia maji waliokuja kumwomba. Chombo chake kilikuwa ndoo ya kumwagilia bustani.

Ndoo hiyo ndiyo iliyobadilisha kazi yetu. Mkulima anayeanza kuvuna alfajiri hawezi kukaa miezi mitatu mlimani akiviringishwa mashuka. Mama mjamzito, mzee mwenye moyo dhaifu, mtoto aliyekonda, hawawezi kusimama chini ya maji yanayoanguka kutoka mita kadhaa. Kneipp alikuwa na wagonjwa wa aina hiyo kila siku, na hao ndio waliomlegeza. Akaona kwamba ukimwagia mtu magoti tu, mwili mzima unaitikia. Akaona kwamba aliye dhaifu aanze na mikono. Akaandika kanuni za lini kuacha. Kutoka kuzamisha mwili mzima alikuja kwenye kumwagia kiungo kimoja kwa muda usiofika dakika mbili.

Baada ya kitabu cha mwaka 1886 umati ulifurika. Wörishofen ilijaa hoteli, Papa Leo XIII alimpa Kneipp cheo cha monsinyori, na madaktari waliokuwa wakimdharau wakaanza kuja kujifunza. Alifariki mwezi wa Juni 1897. Tangu mwaka 2015 desturi aliyoianzisha imo katika orodha ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Mkono na mpira

Naomba nieleze jinsi tunavyomwagia magoti, kwa kuwa hapo ndipo unapoona kipimo kwa macho. Chumba kinapashwa joto kwanza. Kabla ya kuanza naigusa miguu ya mgeni kwa kiganja. Ikiwa ya baridi, maji hayafunguliwi: atatembea, au ataloweka miguu katika maji ya moto, mpaka ipate joto. Mpira wangu hauna pua wala kichujio. Nikiuelekeza juu, maji yanapanda kiasi cha upana wa kiganja tu kisha yanaanguka, kwa maana hayatakiwi kupiga ngozi, yanatakiwa kuifunika.

Naanza mguu wa kulia, ulio mbali zaidi na moyo. Maji yanaanzia kidole kidogo, yanapita ukingo wa nje wa mguu hadi kisigino, yanapanda nyuma ya shavu la mguu hadi juu kidogo ya goti. Hapo ninatulia kiasi cha pumzi mbili, maji yakishuka kama pazia jembamba kuzunguka mguu wote, kisha narudi chini upande wa ndani. Mguu wa kushoto vivyo hivyo. Anageuka, narudia upande wa mbele. Mwisho nyayo zote mbili. Ngozi ikianza kuwa nyekundu, au mgeni akisema maumivu yanapanda ndani ya mfupa, nimemaliza, hata kama sijafika mwisho. Maji tunayaondoa kwa mikono bila taulo, anavaa soksi, anatembea mpaka miguu iwake.

Mwalimu wangu, mama aliyeifanya kazi hii tangu ujana wake, alinikataza kuzungumza wakati wa kumwaga. Alitaka nitazame ngozi na nisikilize pumzi. Mgeni akishika pumzi, maji yamezidi. Hakuna saa ya ukutani inayoweza kukuambia hivyo.

Homa na ushahidi

Wakati Kneipp akiwa konventini, njia nyingine ya maji iliingia hospitalini. Mwaka 1861 daktari Ernst Brand wa Stettin alitangaza tiba yake ya homa ya matumbo: kila joto la mgonjwa linapofika nyuzi 39, aingizwe kwenye maji ya baridi kwa robo saa, na lirudiwe kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Ilikuwa kazi nzito ya wauguzi, kumbeba mtu aliyepoteza fahamu mara nyingi kwa siku. Hospitali zilizofuata utaratibu huo ziliona vifo vikipungua, na uliendelea kutumika hadi karne ya 20. Dawa za viuavijasumu zilipopatikana, ulistaafu kwa haki. Maji yalishusha homa; hayakuua bakteria.

Mohandas Gandhi alisoma vitabu vya tiba ya maji vya Wajerumani akiwa Afrika Kusini. Mwanawe Manilal, aliyekuwa na miaka 10, alipopata homa ya matumbo pamoja na nimonia huko Bombay, daktari alishauri mayai na mchuzi wa kuku. Gandhi alikataa, akamtibu kwa kumkalisha kwenye maji na kumfunga shuka lililolowa. Mtoto alipona. Katika kitabu cha maisha yake Gandhi aliandika kwamba hakuna awezaye kusema kama uponyaji ule ulitokana na rehema ya Mungu, na maji, au na uangalizi na lishe. Natamani kila anayesimulia alivyoponywa na baridi angemaliza kwa uaminifu huo.

Mafuta yanayowaka

Swali ninaloulizwa zaidi ni la umetaboli, yaani namna mwili unavyotumia chakula na akiba yake. Hapa sayansi imetoa majibu mazuri, na yote yanazungumzia kipimo.

Mwaka 1551 Mswisi Conrad Gessner, alipompasua mnyama wa milimani anayelala wakati wa baridi, alieleza tishu ya ajabu iliyo kati ya mafuta na nyama. Leo tunaiita mafuta ya kahawia. Mafuta meupe huweka akiba. Ya kahawia huichoma: ndani ya seli zake kuna protini iitwayo UCP1 inayofanya nishati ya chakula itoke kama joto moja kwa moja. Mtoto mchanga anayo kwa wingi, kwa kuwa hajui kutetemeka. Kwa miaka mingi ilidhaniwa mtu mzima hana ya maana. Mwaka 2009 tafiti tatu, za Finland, Uholanzi na Marekani, zilitoka pamoja zikionyesha kwamba watu wazima wengi wanayo, shingoni, juu ya mitulinga na kando ya uti wa mgongo, na kwamba baridi huyaamsha.

Huko Prague watafiti waliwaketisha vijana wa kiume kwenye maji hadi shingoni kwa saa nzima, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Katika maji ya nyuzi 32 umetaboli haukubadilika. Katika nyuzi 20 ulikaribia kuongezeka maradufu. Katika nyuzi 14 uliongezeka kwa asilimia 350, na homoni ya noradrenalini, inayobana mishipa ya ngozi na kuamsha mwili, kwa asilimia 530. Takwimu hizo mbili hutajwa kila mahali barafu inapouzwa. Saa nzima haitajwi. Anayezama dakika mbili hapati alichopata aliyekaa dakika 60, na aliyekaa dakika 60 alikuwa na wataalamu pembeni yake.

Huko Maastricht, Uholanzi, mwaka 2015, wagonjwa 8 wa kisukari aina ya pili walikaa katika chumba cha nyuzi 14 hadi 15 kwa siku 10, hadi saa 6 kwa siku. Mwitikio wa miili yao kwa insulini uliongezeka kwa asilimia 43, na badiliko kubwa lilikuwa kwenye misuli, si kwenye mafuta ya kahawia. Ni matokeo ya kutia moyo kweli. Lakini ni watu 8, na ni hewa ya ubaridi wa kustahimilika, si barafu. Kwa upande mwingine, utafiti wa Australia wa mwaka huo huo ulionyesha kwamba vijana waliozama kwenye maji ya nyuzi 10 kila baada ya mazoezi ya vyuma walijenga misuli kidogo kuliko wenzao waliopoa kwa kuendesha baiskeli taratibu.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Uholanzi, wa mwaka 2016, uliohusisha watu 3,018. Walimaliza kuoga kwao kwa maji ya baridi kwa mwezi mmoja, wengine sekunde 30, wengine 60, wengine 90, na kundi moja liliendelea kuoga kama kawaida. Walioongeza baridi walikosa kazi kwa ugonjwa asilimia 29 chini ya wale wengine, ingawa siku za kuumwa zenyewe hazikupungua. Waliugua, ila waliweza kuamka. Na hapakuwa na tofauti kati ya sekunde 30 na 90. Padri wa konventi alikuwa amefika hapo kwa ndoo ya bustani.

Kwa walio nyumbani

Mpwa wangu alinipigia kutoka Dar es Salaam. "Shikamoo shangazi. Nataka kununua pipa nijaze barafu, kitambi kiondoke. Nianze na dakika ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Presha yako umeipima lini?"

Hakuwa ameipima. Nikamweleza ninachoweza kueleza hapa pia. Anayeingia ghafla kwenye maji ya barafu hupigwa na mshtuko: anavuta pumzi bila kutaka, moyo unaenda mbio, shinikizo la damu linapanda. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, pumzi moja inatosha kuzama. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo anaweza kupata madhara ndani ya dakika ya kwanza. Kitambi hakiondoki kwa njia hiyo, kwa sababu mafuta ya kahawia ni kidogo na njaa inayofuata baridi ni kubwa. Maji ya bomba ya Dar es Salaam, kwa upande wake, ni ya vuguvugu mno kuamsha chochote, ingawa kuyaoga asubuhi kunampa mtu wepesi, na wepesi huo una thamani yake.

Kwa watu wa Njombe, Makete, Mbeya au Limuru, maji ya alfajiri ya Juni na Julai ni baridi ya kutosha bila kununua kitu. Mwenye afya aoge maji ya moto kwanza, amalizie kwa kumwagia miguu na mikono kwa kopo, sekunde chache, kisha avae na atembee. Anayetaka kukanyaga maji kwenye beseni au kijito ainue mguu wote nje kila hatua, mwendo ambao Wajerumani wanaufananisha na wa korongo, na atoke mara miguu inapoanza kuuma. Mtoto mwenye homa asiogeshwe maji ya barafu. Apelekwe kupimwa malaria. Currie alikataza kummwagia maji mgonjwa anayetetemeka, na malaria ndiyo homa inayotetemesha.

Nayasema haya kwa mapenzi ya kazi yangu. Naamini maji ya baridi yana nafasi katika afya: yanafundisha mishipa kubana na kulegea, yanaamsha, yanamtoa mtu kitandani, hayagharimu. Naamini pia kwamba kila hatua ya kweli katika historia yake ilikuwa hatua ya kupunguza. Currie alipunguza kwa kipimajoto, Kneipp kwa kuwasikiliza maskini wake, Waholanzi kwa kulinganisha sekunde 30 na 90. Ukali umerudi mara nyingi kwa sababu unaonekana, unasimulika na unauzika, na kila uliporudi ulidai kuwa ni ugunduzi mpya.

Kwa hiyo ukikutana na anayeuza baridi, kwa jina lolote na kwa bei yoyote, muulize swali moja: tangu aanze, amepunguza nini, na mgonjwa gani alimfundisha kupunguza? Asiye na jibu bado hajaanza kutibu.